Congo gani? Mashauri ya safari mu simu, na namna siye wachimbaji tunaweza kuyapima

Tarehe 4 mwezi wa sita mwaka 2025, rais wa Marekani Donald Trump alitia sahihi karatasi ya kufungia mlango watu wa inchi 12. Mu ile orodha kulikuwa jina la Congo. Siku mbili hazijaisha, simu za Salamabila, za Kasongo mjini na za kare zetu zilikuwa zinatoa odio moja tu: Wacongo wote wamekatazwa, mwenye kuwa na dosye Marekani ahesabu imekufa. Watu walioamini hawakuwa wajinga. Jina la Congo lilikuwa pale kweli. Lakini Congo iliyoandikwa ni Jamhuri ya Congo, ile ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, haikuwa mu zile 12. Haikuwa hata mu zingine 7 zilizofungiwa nusu, ambamo jirani zetu wa Burundi waliingia.

Ile odio ilitoka wapi? Hakuna aliyejua. Haikuwa na tarehe, haikuwa na jina, ilipita mkono kwa mkono. Mtu aliyenyoosha mambo ni mwana wa Kabambare anayetumika usiku mu kiwanda kule Marekani. Yeye hakutuma sauti. Alituma picha ya karatasi yenyewe ya serikali, akazungushia jina kwa rangi nyekundu, akatuomba tulisome mpaka mwisho. Kiisha akaongeza kwamba dosye ya kila mtu yeye haijui, anaonyesha tu kile kimeandikwa. Katikati ya ile odio na ile picha, kuna watu wa kwetu walikuwa wamekwisha kulipa. Mtu fulani alipita akisema anaweza "kuokoa" dosye zilizofungwa. Alikusanya, akaenda.

Wandugu, sendika inaingilia mambo haya kwa sababu franga zinazotoka ni franga za shimo. Tangu mgodi mkubwa wa Namoya usimamishe kazi mwaka 2019, wengi waliokuwa na mshahara wa mwezi walirudi kwa pauni na karai. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23, mwezi wa pili Bukavu, na njia nyingi za bidhaa na za franga ambazo tulikuwa tumezoea zikakatika. Bei ya zahabu mu dunia ilipita dola 3,000 kwa wansi moja, ile ya gramu 31 na kitu, lakini mchimbaji wa Kabambare haoni ile bei mfukoni. Basi vijana hawaulizi tena kama waondoke ao wabaki. Wanauliza njia. Na njia wanaiuliza mu simu, kwa wandugu waliotangulia. Komisionere akikuomba dola 1,500, hiyo ni kama gramu 15 kwa ile bei ya dunia ya dola 3,000 kwa wansi, na mnunuzi wetu wa hapa hakupi bei ya dunia. Hesabu mwenyewe ni miezi mingapi chini ya ardhi, na ni debe ngapi za mawe mama wametwanga. Sendika haimwambii mtu asiende. Mtu mzima anajua shida yake. Lakini gramu 15 kuzitupa juu ya sauti isiyo na jina, hapo tunasema.

Kwanza tuwape heshima wale wanaostahili. Wapo wandugu wetu huko Marekani, Canada, Ubelgiji, Ufaransa, wanaorudi kazini usiku, miguu inauma, na bado wanakaa na simu kujibu swali lilelile kwa mara ya mia. Hakuna anayewalipa. Bila wao tungebaki na komisionere peke yake. Shida ni kwamba mtu wa kujitolea, hata awe mwaminifu namna gani, anajua shimo alilolichimba yeye. Mchimbaji aliyepata mkanda mita 12 chini mwaka 2014 hadanganyi akikuambia mkanda upo. Lakini wewe unaingia mwaka 2025, shimo lingine, na maji yamepanda.

Tuchukue mfano unaotugusa karibu. Ndugu zetu wengi wa upande wa Fizi na Kabambare walikimbia vita wakavuka ziwa mpaka kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma huko Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Kutoka pale wengi walipelekwa Marekani kama wakimbizi. Mu mwaka wa hesabu wa 2024, Wacongo ndio walikuwa wa kwanza kwa wingi kati ya wakimbizi wote waliopokelewa Marekani. Sasa mtu aliyepita ile njia anakuambia: vuka, jiandikishe, vumilia, siku moja jina litatoka. Anasema ukweli wake. Lakini tarehe 20 mwezi wa kwanza mwaka 2025, siku ileile ya kuingia madarakani, Trump alisimamisha upokeaji wa wakimbizi. Watu waliokuwa tayari na tikiti ya ndege walibaki kambini. Shauri ambalo lilikuwa zuri mwezi wa kumi na mbili likawa mtego mwezi wa pili, na mtoa shauri hakubadilika hata kidogo, ni mlango uliobadilika. Ndiyo maana swali la kwanza kwa yeyote inapashwa liwe hili: wewe ulipita mwaka gani, na kwa karatasi ya namna gani?

Na tuongeze hapa jambo ambalo wengi wanalipinda. Kupelekwa inchi ya tatu si kitu cha kuomba kwa kununua fomu. HCR ndiyo inayochagua kati ya wakimbizi inaowajua, na hailipishi chochote, kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Anayekuuzia "nafasi" anakuuzia hewa. Mbaya zaidi ni yule anayekuuzia kuingizwa mu dosye ya familia nyingine, uitwe mtoto wa mtu asiyekuzaa. Mwaka 2008 Wamarekani walipima ADN za familia za wakimbizi walioomba kuungana na ndugu zao, wakaanzia Nairobi, wakakuta sehemu kubwa ya familia haziwezi kuonyesha undugu waliouandika. Wakafunga ile njia yote mpaka mwaka 2012. Miaka 4, wandugu! Familia za kweli, baba wa kweli na watoto wa kweli, walikaa wakingoja juu ya majina yaliyouzwa. Hivi yule ndugu wa mu simu anayekuambia "ingia tu, watu wote wanafanya hivi", hata kama hakuombi franga, anakutia mu hatari na anatia wengine nyuma yako.

Njia nyingine iliyokuwa inasumbua kare zetu kila mwaka ni bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile watu wanaita loteri. Hapa mashauri mengi ya kujitolea ni mazuri kweli, kwa sababu kanuni zimeandikwa wazi na yeyote anaweza kuzionyesha. Ilipofunguliwa mwezi wa kumi 2024, kujiandikisha kulikuwa bure. Mtu anaingia mara moja tu. Akiandikwa mara mbili, anatoka. Wamarekani hawatumi barua wala ujumbe wa kukuambia umeshinda: unaangalia mwenyewe kwa namba ya uthibitisho. Hiyo namba ndiyo roho ya jambo. Komisionere anaandika watu, anabaki na namba, na siku jina likitoka anakuomba dola mia kadhaa ndipo akupe. Wengine wanakuongezea mke usiyemjua, wapate kumuuza naye.

Kuna kitu komisionere hakisemi na mtu mwaminifu anakisema mara moja, hata kikiuma. Kanuni inaomba uwe umemaliza masomo ya secondaire, ao uwe umetumika miaka 2 mu kazi ambayo kujifunza kwake kunachukua angalau miaka 2. Kuchimba kwa mkono hakuhesabiwi hivyo. Kijana asiye na diploma ya Serikali, hata awe PDG wa shimo na watu 30 chini yake, anapoteza wakati. Na hata mwenye diploma, kuchaguliwa si kupata viza. Kila mwaka walikuwa wanatoa majina zaidi ya 100,000 kwa viza zisizopita 55,000, na mwaka wa hesabu ukiisha tarehe 30 mwezi wa tisa bila viza, mambo yamekwisha. Kabla ya hapo kuna pasipoti, uchunguzi wa daktari, na safari ya Kinshasa kwa ambasade. Anayekufungulia macho juu ya gharama hizi kabla hujaanza, huyo mweke karibu.

Sasa Chypre. Hapa ndipo tumeona wazazi wanauza mpaka kiwanja. Kijana amepata diploma ya Serikali, mtu anamwambia: njoo usome Ulaya, shule ni rahisi, viza haina shida. Jina la kisiwa ni kweli, na ni kweli kwamba Chypre imo mu Umoja wa Ulaya. Lakini kile kisiwa kimegawanyika tangu vita vya 1974. Sehemu ya kaskazini ilijitangaza inchi mwaka 1983, na mu dunia nzima ni Uturuki peke yake inayoitambua. Vyuo vingi vinavyochukua vijana wetu viko kaskazini. Ndege zote za kwenda uwanja wake wa Ercan zinapita Uturuki. Viza ya pale haikufungulii Ulaya. Wacongo wengi walioishiwa na karo walivuka mstari wa katikati kwenda kusini kuomba hifadhi, na huko kusini serikali imekaza mkono. Mtu anayekuita mara nyingi analipwa na chuo kwa kila kichwa anacholeta, na juu ya hapo anakulipisha wewe. Anakula pande zote mbili.

Lakini angalia vizuri: nani alitoa ukweli huu nje? Ni wanafunzi wenyewe. Kuna chama chao huko, VOIS, cha wanafunzi wa kigeni, wengi wao Waafrika, kinachosaidia waliodanganywa na kuwaambia wanaotaka kuja mambo yalivyo. Mtu mwenye kukaa pale, anayelipa nyumba pale, asiye na kichwa cha kuhesabiwa. Kwa hiyo hatukubaliani na wazee wanaosema shauri la bure ni la bure, heri kulipa. Kule Chypre aliyelipwa ndiye alidanganya, wa bure ndiye alisema. Kulipa si kipimo. Kipimo ni hiki: huyu mtu atapata nini mimi nikisema ndiyo? Kama hapati kitu nikienda na hapotezi kitu nikibaki, neno lake lina uzito. Ikiwa anapata, msikilize kama unavyomsikiliza mnunuzi anayekuambia zahabu yako imechanganyika.

Pia si kila anayeonekana wa kujitolea ni wa kujitolea. Mwaka 2024 waandishi wa habari wa shirika la AP walifichua namna wasichana wa Afrika, wakiwemo wa Uganda, Rwanda na Kenya, walivyoitwa Urusi kwa mradi wa kazi na masomo unaoitwa Alabuga Start, wakajikuta wanaunga drone za vita. Wengine waliitwa na watu wenye wafuasi wengi mu mitandao, waliozungumza kama dada anavyozungumza na wadogo zake. Video nzuri, sauti tamu. Kumbe ni tangazo.

Tumeona kitu kimoja kinachosaidia kuliko vingine vyote, nacho hakiombi elimu kubwa. Swali liulizwe mbele ya watu wote wa grupu, na jibu litolewe mbele ya wote. Mu grupu ya watu mia tatu, mtu akikosea, mwingine aliyepita ile njia mwaka jana atamnyoosha. Akidanganya, atasutwa. Ndiyo maana tapeli hapendi pale. Atakuandikia pembeni, atasema mambo haya ni ya siri, nafasi ni tano tu, usimwambie mtu, leo jioni inafungwa. Ukiona anakuvuta pembeni, rudisha maneno yake mu grupu na umwombe ayarudie pale. Tumelijaribu hili mara kadhaa kwa watu waliokuja kwa delege wetu na hofu, na mara nyingi yule mtu alitoka mu grupu kabla ya kulala.

Tena musikasirike mtu wa kujitolea akisema hapa mimi nafika mwisho, tafuta mwanasheria. Kuna wazazi wanachukua kama majivuno: mtoto wetu amefika Canada, sasa anatukimbia. Hapana. Huko kutoa shauri la uhamiaji ni kazi yenye sheria. Uingereza, tangu sheria ya 1999, anayeshauri watu juu ya dosye zao bila kuandikishwa anavunja sheria, hata asipolipwa. Canada, anayelipwa kushauri inapashwa awe mwanasheria ao awe kwenye daftari la chuo cha washauri wa uhamiaji, na lile daftari liko wazi kwa wote. Marekani ni mwanasheria, ao mtu wa shirika aliyeidhinishwa na serikali. Kwa hiyo mu simu mtu anaweza kukupa habari: hii ndiyo fomu, hii ndiyo bei, mimi nilingoja miezi 14. Kukuambia wewe andika nini mu dosye yako ni kitu kingine. Yule anayekujazia kila kitu haraka bila kukuuliza hata umri wa watoto, huyo ndiye wa kuogopa. Na komisionere akijiita mshauri wa Canada, muombe jina lake kamili na namba yake ya daftari, kiisha mutumie ndugu mmoja aliye huko aangalie. Ni kazi ya dakika tano. Tumekwisha kuona mtu aliyekuwa akitembea na karatasi zenye bendera, alipoombwa namba akasema simu yake imeishiwa na moto.

Bei za hapa kwetu nazo zinatosha kumpima mtu. Pasipoti ilikuwa dola 185, ikashuka 99, na mwaka 2025 serikali ilitangaza 75 kwa ile mupya. Anayekuomba 300 akisema ndiyo bei ya serikali, unajua mara moja anasimama wapi hata kwa mambo mengine.

Kuna uongo mwingine ambao hauna tapeli ndani. Ndugu aliye ng'ambo anaona haya. Hatatuma picha ya chumba wanacholala watu sita, wala ya siku waliyomfukuza kazini. Atatuma ile ya koti jipya kando ya gari, ambalo pengine si lake. Na siye huku tunamsukuma kudanganya, kwa sababu akisema huku ni shida, tunasema ni mchoyo, amekula akashiba sasa anafunga mlango. Halafu kuna heshima: mkubwa amesema, yaya amesema, mdogo hawezi kumuuliza ya mwaka gani. Muulizeni. Kuuliza tarehe si kumtukana mtu.

Mama zetu wako mbele zaidi mu jambo hili. Franga za safari zinatoka mara nyingi mu akiba yao, mu AVEC, jasho la kutwanga mawe, na wao ndio wanaobaki na deni jina likikosa kutoka. Lakini siku ya kuongea na mtu wa simu, wanaitwa baba na kijana. Mu mkutano wa mwezi uliopita mama mmoja aliuliza kwa nini mwenye kutoa franga asisikie odio kwa masikio yake. Hatukupata wa kumjibu, na tangu siku ile tumeanza kufanya kama alivyosema.

Tumefungua kaye mu ofisi ya sendika. Mwenye swali anakuja, tunaandika swali, bila jina lake kama hapendi. Delege mmoja analipeleka mu grupu za watu wa Maniema walioko ng'ambo, mbele ya wote, na mega zinalipwa na sendika. Jibu likirudi tunaandika nani alijibu, anakaa inchi gani, alipita mwaka gani, na tarehe ya jibu. Jibu lenye kupita miezi 3 tunaliuliza upya, kwa sababu mwaka 2025 ulitufundisha namna milango inavyobadilika. Hatupokei franga ya mtu, hatujazi fomu ya mtu. Siku ya Jumapili kiisha ibada, majibu yanasomwa kwa sauti, mama wakiwemo.

Kwa wiki hii kuna swali la mama wa Salamabila. Kijana wake ana miaka 19, ana diploma ya Serikali, na amepata karatasi ya kukubaliwa na chuo kimoja cha Chypre ya kaskazini. Wanamuomba malipo ya kwanza kabla ya mwisho wa mwezi. Majibu mawili yamefika. Moja ni la mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeko pale, anasema shule ni ya kweli lakini asitegemee kupata kazi ya kulipa karo, na anahesabu gharama ya mwaka mzima mstari kwa mstari. Lingine ni la mtu aliyetoka pale mwaka 2022, anasema asije kabisa. Hayafanani. Yatasomwa yote mawili Jumapili, na tarehe zake.